Ukuta Uliokataa Rangi

Kila masika yakipita, ukuta wa chumba cha bibi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulibambuka rangi. Mama ananunua ndoo nyingine, tunakwangua juu juu, tunapaka. Mwaka unaofuata, magamba yale yale sakafuni. Tulilaumu fundi, tukalaumu rangi, tukalaumu mvua. Hakuna aliyeuliza ukuta wenyewe umejengwa kwa kitu gani.

Kisha dada yangu akachumbiwa. Wageni wangekaa chumba kile, kwa hiyo mama akaita fundi mzee apake haraka. Mzee hakufungua hata kopo. Akaloweka ukuta kidogo ili vumbi lisiruke, maana rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, akaamuru watoto watoke, akaanza kukwangua.

Tukaisoma nyumba yetu kinyumenyume. Kwanza rangi ya maji, ya krimu. Chini yake rangi ya mafuta, kijani. Halafu lipu ya simenti. Chini kabisa, chokaa.

"Mlikosea hapa," akasema, akigonga simenti.

Majumba ya zamani ya mwambao wetu, Lamu hadi Kilwa, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Na chokaa yenyewe ilikuwa matumbawe yaliyochomwa juu ya rundo la magogo, kisha yakazimwa kwa maji. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa tena hewani. Simenti ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, ilipotufikia tuliiona ndiyo maendeleo: ngumu, inashika upesi. Basi tukaziba. Juu ya simenti tukaongeza rangi ya mafuta. Maji yakakosa njia, chumvi ikaganda nyuma ya rangi na kuisukuma nje. Kumbe tulichokuwa tunakiita ubovu wa rangi ni ukuta uliokuwa unatafuta pumzi.

Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na tangu hapo tumezoea kuutazama urithi kwa nje: milango, baraza, roshani. Mimi mpenzi wa vitabu nilipaswa kujua zaidi. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alipotaka kutuonyesha jinsi fahari ya Pate ilivyokwisha, alituingiza ndani ya nyumba, hadi kwenye zidaka zake. Nilikuwa nimelisoma shairi lile mara nyingi, chini ya ukuta ule ule, nikipangusa magamba ya rangi kwenye kurasa.

Dawa ya fundi haikuwa ya haraka: bandua simenti yote, acha ukuta ukauke, piga lipu ya chokaa, kisha paka chokaa nyepesi, mkono juu ya mkono. Mama akauliza, "Itakuwa tayari kabla ya harusi?"

"Haitakuwa, mwanangu."

Mama alinyamaza kitambo. Ndoo mpya ya rangi ilikuwa pale mlangoni, imeshalipiwa. Mwishowe akamwambia fundi aendelee.

Harusi ikafanyika, wageni wakakaa mbele ya mawe matupu. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba tumeishiwa. Bibi akamsikia. Akaweka kiganja ukutani, akasema tu kwamba hivyo ndivyo nyumba ilivyokuwa ikinukia alipoletwa humo akiwa bibi harusi.