Urafiki Tulioupata Ugenini

Kamati ya Kitabu imenipa kazi ya kuandika habari za urafiki ambao watu wetu waliupata ugenini, kwa watu wasiowafahamu. Nilipoanza nilidhani sura hii ingekuwa nyepesi kuliko sura za waasisi, majengo na kwaya. Nikakusanya habari za ziara zote rasmi zilizofanywa na wazee wa kanisa, vijana na wanawake. Orodha ilipokamilika niliona kwamba urafiki ndani yake ni haba. Kilichojaa ni mapokezi. Aliyealikwa hupokewa, maana jina lake limekwisha kuandikwa na kitanda chake kimekwisha kutandikwa. Lugha yetu haina budi kusifiwa hapa, kwa kuwa ina neno moja tu, mgeni, kwa yule tuliyemwalika na kwa yule tusiyemjua kabisa. Mimi nataka kusimulia habari za huyu wa pili.

Sisi watu wa Kilimanjaro tulikutana na wageni kabla hatujasafiri kwenda kwao. Tarehe 6 Oktoba 1889 Hans Meyer, mtu wa mji wa Leipzig, alifika kileleni mwa Kibo, akaondoka na jiwe la kilele. Mwaka 1893 wamisionari wa Leipzig walifika Machame. Injili waliyoileta ndiyo tunayoisherehekea leo. Lakini walikuja wakati uleule ambapo utawala wa Wajerumani ulikuwa ukijiimarisha kwa bunduki, na mwezi Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa pale Moshi pamoja na viongozi wengine. Ukoo wake umetafuta fuvu lake Ujerumani kwa miaka mingi. Historia ya kanisa inayoruka mambo haya siipendi, nami nayataja ili msomaji ajue ni mzigo gani mtu wa huku alikuwa nao alipopanda gari moshi kwenda Leipzig.

Wa kwanza kati ya washarika wetu kuvuka bahari hawakwenda kwa mwaliko wa kanisa. Walikwenda vitani. Mzee mmoja aliyetufundisha nyimbo tulipokuwa watoto wa kipaimara alikuwa askari wa KAR katika Vita Kuu ya Pili. Alipelekwa Ceylon, na mwaka 1944 akaingia Burma pamoja na wenzake wa Afrika Mashariki. Habari za Burma hakuzisimulia. Za Ceylon alisimulia moja tu. Aliugua homa karibu na mashamba ya chai, na mchuma chai mmoja, Mtamil, akamchukua nyumbani kwake, akamwekea wali juu ya jani la mgomba. Mzee alisema kwamba alipoliona lile jani alilia, kwa maana alikuwa hajaliona tangu alipoondoka kihambani kwa baba yake. Hawakuwa na lugha moja, wala hakupata kulijua jina la mtu yule. Hata hivyo, kila ilipofika sala ya kanisa, tulimsikia akimwombea kwa sauti "ndugu wa Ceylon", nasi watoto tukacheka. Kwa zaidi ya miaka 30 usharika huu ulimwombea mtu ambaye hakuna aliyejua kama alikuwa hai, wala kama alimwabudu Mungu tunayemwabudu.

Mimi mwenyewe nilisafiri mwezi Januari 1993. Nilikuwa mchungaji kijana, nimebarikiwa miaka minne kabla, nami nilialikwa na usharika mmoja mdogo wa Saksoni, upande uliokuwa Ujerumani Mashariki. Wenyeji wangu walikuwa wameniandikia kwa upole kwamba nisitembee peke yangu usiku, hasa kwenye stesheni. Walikuwa na sababu. Mwezi Septemba 1991, katika mji wa Hoyerswerda, mkoa uleule wa Saksoni, makundi ya watu yalikuwa yameshambulia nyumba za wafanyakazi kutoka Msumbiji na Vietnam. Na Agosti 1992 mambo ya namna hiyo yalitokea Rostock. Barua hiyo niliisoma, nikaitia mfukoni, nikaisahau.

Stesheni kuu ya Leipzig ilifunguliwa mwaka 1915 ikiwa na njia 26 za reli chini ya paa moja. Kwa mtu aliyezoea stesheni ya Moshi, hilo si jambo la mzaha. Kosa lilikuwa langu mwenyewe: nilipanda treni isiyokuwa yangu, nikagundua baada ya saa nzima, nikashuka penye kituo cha kwanza kilichotokea. Ilikuwa saa tatu usiku na theluji ilikuwa ikianguka. Hapakuwa na mfanyakazi wala simu. Vijana watatu walisimama chini ya taa wakinitazama, na ndipo nilipoikumbuka ile barua. Abiria mwingine aliyeshuka alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mfuko wa kamba mkononi. Alikwisha kunipita. Akasimama, akawatazama wale vijana, akanitazama mimi na viatu vyangu, kisha akarudi, akanishika mkono kama mama anavyomshika mtoto wake sokoni, akaondoka nami.

Sitalitaja jina lake, kwa sababu watoto wake wangali hai na yeye hakupenda kutajwa. Aliishi katika vyumba viwili vyenye jiko kubwa la vigae lililowashwa kwa makaa ya mawe, yale ya rangi ya udongo ambayo moshi wake ulitanda juu ya Saksoni yote. Kiingereza hakukijua, shuleni alifundishwa Kirusi, kama watoto wote wa nchi ile. Kijerumani changu kilikuwa cha kamusi. Nilipomfahamisha kwamba mimi ni mchungaji alicheka, akatikisa kichwa, akaonyesha kwa kidole chake kwamba yeye na mbingu hawana habari. Baadaye nilielewa zaidi. Kuanzia mwaka 1955 serikali ya nchi ile ilikuwa imeweka sherehe yake ya vijana ili ishike nafasi ya kipaimara, naye alipofika umri wa miaka 14 aliipitia hiyo badala ya kupiga magoti madhabahuni. Bibi yake alikuwa Mlutheri. Imani ya nyumba ile ilikoma kwa bibi.

Nilikuwa na nusu kilo ya kahawa ya kwetu, iliyokaangwa na mama yangu kwa ajili ya wenyeji wangu. Nilimpa yeye. Akaisaga saa nne usiku, akainusa, akakaa kimya muda mrefu, kisha akaanza kunieleza jambo kwa kukunja uso na kutema mate ya uongo, nami sikuambulia kitu. Binti yake ndiye aliyenifafanulia baadaye kwa barua. Mwaka 1977 serikali yao ilikosa fedha za kigeni za kununulia kahawa, ikawauzia watu kahawa iliyochanganywa na vitu vingine, nao waliichukia hata wakaitungia mizaha. Usiku ule mama yule alikuwa akiniambia kwamba ile kahawa ya mama yangu ilikuwa ni kahawa.

Asubuhi alitembea hadi posta ili kuwapigia simu wenyeji wangu, kwa maana nyumba nyingi za upande ule zilikuwa hazina simu. Wakaja kunichukua kwa gari dogo la Trabant. Tulibadilishana anwani.

Hapo naomba msomaji anivumilie kidogo, maana nilisoma Kiyunani pale Makumira na wazee hupenda kuonyesha walichosoma. Luka anapoeleza jinsi Paulo alivyovunjikiwa na jahazi karibu na kisiwa cha Melita, anasema kwamba wenyeji waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, na fadhili yao anaiita philanthropia, yaani upendo kwa mwanadamu. Wenyeji wenyewe anawaita barbaroi, watu wa lugha nyingine. Wengi wetu tumehubiri juu ya sura hiyo tukikaza macho kwenye nyoka na uponyaji. Sikuwahi kuona, hadi niliporudi kutoka Saksoni, kwamba Luka hasemi popote kuwa watu wale waliamini au kubatizwa. Waliwasha moto, wakawakaribisha wageni miezi mitatu, wakawapa mahitaji ya safari. Habari yao inaishia hapo.

Tuliandikiana barua. Kwa njia hiyo nilijua kwamba usiku wa tarehe 9 Oktoba 1989 yeye alikuwa nje ya Kanisa la Nikolai mjini Leipzig, ambako maombi ya amani yalikuwa yakifanyika kila Jumatatu tangu mwaka 1982. Ndani hamkuwa na nafasi. Watu wapatao 70,000 walizunguka mji siku hiyo bila silaha, na askari hawakupiga risasi. Mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa. Mimi nilimwandikia juu ya mwaka uleule kama ulivyokuwa kwetu. Julai 1989 mapatano ya kimataifa yaliyolinda bei ya kahawa yalivunjika, bei ikaporomoka, na watu waliosomesha watoto kwa kahawa tangu siku za kuanzishwa KNCU mwaka 1933 walianza kung'oa mibuni na kupanda nyanya. Mwaka mmoja ulikuwa umempa yeye uhuru na kutupokonya sisi ada za shule. Hakujibu kwa maneno ya kunihurumia. Aliuliza nyanya zinauzwaje.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwaka 1996 tulikuwa tukiezeka jengo hili tunaloabudu. Changizo la washarika lilikuwa limekwama. Kamati ya Ujenzi ikaamua kwamba kila mwenye marafiki nje ya nchi awaandikie. Barua moja ya mfano ilichapwa kwa taipu, ikatolewa nakala, na nafasi ya jina ikaachwa wazi. Mimi nilikuwa na anwani kumi na moja. Nilijaza majina kumi na moja jioni moja, nikaenda posta. Barua ilianza kwa kumwita mpokeaji rafiki mpendwa katika Kristo, na ilieleza bei ya bati.

Baada ya miezi miwili bahasha yake ilifika. Ndani mlikuwa na Marki 50. Barua haikuwamo. Niliipekua bahasha ile mara tatu, nikaipasua pembeni nione kama karatasi imenasa. Nikampelekea mtunza hazina, naye aliponiuliza aandike jina gani nilishindwa kumjibu. Aliandika: "Mgeni, Marki 50."

Nilimwandikia mara mbili kuomba radhi, nami sikupata jibu hadi mwaka 1998, ilipokuja barua ya kurasa nne. Alisema kwamba kuombwa hakukumuudhi, kwani jirani humwomba jirani chumvi. Kilichomuuma ni kuona kwamba karatasi ile haikuandikwa kwake. Alikuwa amenieleza tangu usiku wa kwanza kwamba haamini, nami nilikunywa kahawa pamoja naye bila kujali. Sasa nikamwita jina lisilo lake kwa sababu nilikuwa na haja ya bati. Tena alinijulisha jambo ambalo alikuwa amelificha: kiwanda cha nyuzi alichofanyia kazi kilikuwa kimefungwa, kama viwanda vingi vya upande wao baada ya nchi kuungana, naye alikuwa hana kazi tangu 1994. Hakuniambia, alisema, kwa sababu mimi nilikuwa nimemwandikia juu ya mibuni.

Tangu hapo tuliandikiana hadi alipofariki mwaka 2012, wala neno fedha halikutajwa tena upande wowote. Mwaka uliofuata binti yake alikuja. Aliketi kiti cha nyuma wakati wa ibada, na akina mama wakamtoa pale wakamketisha katikati yao. Baadaye alikula mtori kwangu, akaniletea barua zangu zote zikiwa zimefungwa kwa uzi. Ile ya mwaka 1996 ilikuwamo.

Tumepewa na marafiki wa nje kengele, vitabu, gari la zahanati na mambo mengine ambayo yameorodheshwa kwa haki katika kitabu hiki, nami nayashukuru. Lakini nimekuwa mchungaji muda wa kutosha kuona jinsi vijana wetu wanaorudi kutoka ng'ambo wanavyoulizwa swali la kwanza na wazee: umepata wafadhili? Hakuna anayewauliza walilala kwa nani. Swali hilo tuliwafundisha sisi wa kizazi changu, na barua ile ya mfano ilikuwa sehemu ya mafundisho hayo.

Kamati ilipoandaa Orodha ya Wafadhili, katibu alikuta kumbukumbu ya mwaka 1996 akanitaka nimpe jina kamili. Niliomba mama yule asiwekwe katika orodha hiyo kabisa. Mzee mmoja alinipinga, akisema kwamba kilichopokelewa na kanisa hakina budi kuandikwa, na kwa upande wa hesabu alisema kweli. Tulibishana hadi jioni. Mwishowe ilikubaliwa kwamba ibaki kama mtunza hazina alivyoiandika, nanyi mtaikuta katika kurasa za mwisho, kati ya majina ya mashirika: Mgeni, Marki 50.