Kazi nne za kusikiliza mwanzo hadi mwisho kwenye simu yako

Redioni wimbo hukatwa kupisha matangazo na taarifa ya habari. Kwenye memori kadi nako mara nyingi huwekwa ule mmoja uliovuma, nyingine zikaachwa. Msikilizaji anabaki na kipande. Hizi hapa albamu mbili, filamu moja ya tamasha na kitabu kimoja cha sauti ambavyo utamu wake hauji mpaka uvisikilize vyote.

1. Remmy Ongala na Super Matimila: "Songs for the Poor Man" (1989)

Dk. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy. Wengi wanamkumbuka kwa "Mambo kwa Soksi" tu. Albamu hii ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza, na jina lake maana yake ni nyimbo za mtu maskini. Anza na "Sauti ya Mnyonge". Usiuache wimbo katikati: maneno yakiisha, magitaa huanza kujibizana, na hapo ndipo redioni huwa tunakata. Remmy alifariki mwaka 2010, lakini hadi leo ukipanda daladala Dar utasikia kituo kinaitwa Sinza kwa Remmy.

2. Ayub Ogada: "En Mana Kuoyo" (1993)

Huyu ni Mkenya, mzaliwa wa Mombasa, aliyepiga nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi 8. Wimbo wake "Kothbiro", yaani mvua inakuja, ulitumika katika filamu "The Constant Gardener" ya mwaka 2005. Ni muziki wa taratibu, sauti moja na nyuzi chache. Usikilize usiku, kelele zikitulia. Ogada alifariki mwaka 2019.

3. Filamu ya tamasha: "Soul Power" (2008)

Septemba 1974, Kinshasa ilijiandaa kwa pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini tamasha la muziki likaendelea kwa usiku 3. Utawaona James Brown, B.B. King, Celia Cruz na Miriam Makeba. Picha nyingi zilikaa kabatini zaidi ya miaka 30 kabla ya kuwa filamu hii. Ukitaka kuwasikia zaidi Franco na Tabu Ley, tafuta albamu "Zaire 74: The African Artists" iliyotoka mwaka 2017.

4. Kitabu cha sauti: "Things Fall Apart"

Riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria, ya mwaka 1958, imesomwa na Peter Francis James kwa takriban saa sita na nusu. Ni kwa Kiingereza. Kama kinakupa shida, tafuta kwanza "Shujaa Okonkwo", tafsiri ya Kiswahili ya Clement Ndulute, kisha usikilize sura moja moja kila jioni. Hadithi ya baba anayeogopa kuonekana dhaifu inaeleweka kijiji chochote.

Bando lako

Sauti ya ubora wa kawaida hula kama MB 1 kwa dakika, hivyo albamu ya dakika 45 ni kama MB 45. Video hula mara kadhaa zaidi. Pakua mara moja penye mtandao mzuri, halafu sikiliza bila intaneti.

Andika jina kamili la msanii na la albamu, na uchague ukurasa rasmi. Wimbo unaonakiliwa kibandani hauwapatii chochote wenye haki. Ukisikilizwa kwenye ukurasa rasmi, japo kidogo huwafikia, nao Remmy na Ogada hawapo tena kujidai wenyewe.