John Mercer Langston, Karani wa Brownhelm

John Mercer Langston alizaliwa mwaka 1829 katika jimbo la Virginia, Marekani. Baba yake, Ralph Quarles, alikuwa mzungu mwenye mashamba na watumwa. Mama yake, Lucy, alikuwa mtumwa aliyepewa uhuru. Wote wawili walifariki mwaka 1834, naye mtoto akapelekwa Ohio. Huko alihitimu katika chuo cha Oberlin mwaka 1849.

Shule za sheria zilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Kwa hiyo alijifunza kazi hiyo kwa Philemon Bliss, mwanasheria wa Elyria, na mwaka 1854 akakubaliwa kuwa wakili. Hata hivyo, hakukubaliwa kama mtu mweusi: mahakama za Ohio zilimhesabu kuwa mzungu kila mtu ambaye damu yake ya kizungu ilizidi nusu.

Mwaka 1855 wapiga kura wa tarafa ya Brownhelm, wakulima wazungu, walimchagua kuwa karani wao. Cheo kilikuwa kidogo, lakini maana yake haikuwa ndogo. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Dred Scott, Mahakama Kuu ya Marekani ilitamka kwamba watu wenye asili ya Kiafrika hawawezi kuwa raia.

Baadaye Langston alianzisha idara ya sheria ya Chuo Kikuu cha Howard, na mwaka 1890 akaingia bungeni kwa niaba ya Virginia. Alifariki mwaka 1897. Lakini kabla ya taifa kumtambua kuwa raia, majirani zake walikwisha kumkabidhi daftari za tarafa yao.