Wembe wa Kukunja: Ufundi Uliobaki Nusu Mitaa ya Buguruni

Ukipita Buguruni jioni, iwe Sheli, Malapa au Kwa Mnyamani, saluni za kiume mambo ni yaleyale: mashine inaunguruma, muziki juu, stori za mpira. Halafu fundi anazima mashine, anashika wembe ili achonge ndevu. Hapo hata mteja mwenye mdomo kuliko wote ananyamaza. Wembe ukiwa shingoni nani anaongea?

Vinyozi wa zamani hawakuwa na mashine. Wao ni chini ya mti, kigoda, kioo cha mkononi, bakuli la maji na sabuni. Wembe ulikuwa ule wa kukunja, chuma kizima, na ni huohuo mmoja kwa kila kichwa kilichokaa pale. Dogo akitaka kazi hapewi kidevu cha mtu. Anaanza na kunoa. Kwanza jiwe, kisha ukanda wa ngozi, na kwenye ukanda wembe unavutwa mgongo ukitangulia, makali yakifuata nyuma. Ukikosea ukatanguliza makali, umekata ukanda na wembe umeuharibu. Kazi inayochosha, ila ndiyo ilikuwa shule yenyewe.

Huko Marekani mzee Gillette alikuwa ameshakuja na wembe mwembamba wa kutupa. Mwaka 1903 aliuza mashine 51 na nyembe 168 tu, leo hata duka moja la jumla Kariakoo lingemcheka. Mwaka uliofuata nyembe zikapita 120,000. Watu wengi duniani wakaanza kujinyoa nyumbani, lakini kinyozi na chuma chake hakutikisika.

Kilichomtikisa ni Ukimwi. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983, na baada ya hapo redio na mabango yakawa yanaimba jambo moja: msichangie vitu vyenye ncha kali. Ghafla ule wembe mmoja wa kijiwe ukawa wa kuogopwa. Wateja wakaanza kuja na nyembe zao mfukoni. Homa ya ini nayo inapita njia hiyohiyo ya damu, japo haikupigiwa kelele kiasi hicho.

Ndiyo maana leo fundi anachukua wembe mpya, anaukata katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, anapachika nusu kwenye kishikio kinachofanana na ule wa kukunja. Mjanja anafanya hivyo mbele ya macho yako. Asipofanya, uliza, usione aibu.

Kwa hiyo dogo wa siku hizi kunoa hajui, na hana haja. Kazi yake ni mkono. Ngozi ivutwe kwa vidole, wembe ulale kama nyuzi 30, usisimame, maana ukisimama unakata. Unafuata nywele zilikolala. Kukwangua kinyumenyume ili kidevu kiteleze kama sahani ni ushamba: nywele zetu za kipilipili zikikatwa chini sana zinajikunja na kurudi ndani ya ngozi, ndiyo vile vipele vya ndevu watu wanavyohangaika navyo na spiriti.

Wengine wanajifunzia kwenye puto lililopakwa povu. Likipasuka, dogo anarudi kufagia nywele.