Kitu Kikianguka Kutoka Angani, Usikiguse na Usikiuze

Nilikuwa Hewani kwa shemeji yangu, tumeketi nje baada ya sala ya Magharibi, watoto wakaanza kupiga kelele. Taa nyingi zilikuwa zimejipanga mstari mmoja, zikipita kimya juu ya miembe kuelekea upande wa Garsen. Mzee mmoja akasema ni majini. Kijana akasema ni ndege za jeshi. Mimi nilidhani ni setilaiti za Starlink, ambazo siku za mwanzo baada ya kurushwa huandamana hivyo kabla ya kutawanyika. Shemeji akauliza: "Na moja ikituangukia shambani?"

Swali hilo, ndugu msomaji, tayari limeshatokea Kenya. Tarehe 30 Disemba 2024, alasiri, pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 na uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Kwa bahati njema haikumwangukia mtu. Wenyeji waliita maafisa, mahali pakalindwa, na uchunguzi ukashikwa na Shirika la Anga za Juu la Kenya, lililoundwa mwaka 2017 chini ya Wizara ya Ulinzi. Tarehe 1 Januari 2025 shirika hilo likatangaza matokeo ya awali: ni pete inayotenganisha sehemu za roketi. Kwa kawaida vipande kama hivyo huungua vikirudi angani, au huangukia bahari kuu.

Majeshi ya nje nayo yamewahi kuchunguza mambo haya. Jeshi la Anga la Marekani lilikusanya ripoti 12,618 kati ya mwaka 1947 na 1969. Nyingi zilikuwa nyota, mawingu, maputo na ndege. Zilizobaki bila maelezo ni 701, na kukosa maelezo si ushahidi wa viumbe wa sayari nyingine.

Sisi wa Ghuba ya Ungwana roketi si ngeni kwetu. Pale Ngomeni, Waitaliano walizirusha kutoka jukwaa la San Marco baharini kati ya mwaka 1967 na 1988. Setilaiti iliyorushwa hapo tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, ikaitwa Uhuru.

Basi ukiona taa angani, andika saa, upande zilikotoka na zilikoelekea, na muda zilioonekana. Kitu kikianguka, kaa mbali na uwazuie watoto, kwani baadhi ya mabaki ya roketi hubeba mafuta yenye sumu. Piga picha ukiwa mbali, kisha mwite chifu au polisi.

Na usimwite mnunuzi wa vyuma chakavu. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaitaka nchi iliyorusha chombo ilipe hasara kilicholeta ardhini, hata kama haikufanya uzembe. Serikali ndiyo hudai kwa niaba ya raia wake. Lakini lazima kwanza ijulikane chombo ni cha nani, na hilo husomwa kwenye kipande chenyewe: umbo lake, namba zake, madini yake. Mkulima wa Hewani aliyevunjiwa nyumba au kuharibiwa mpunga, akikiuza kwa kilo, atakuwa ameuza ushahidi wake mwenyewe.