Chumvi ya Katwe na chakula cha mulimani

Kwetu Butembo na Lubero, mukulima akilalamika juu ya udongo, anasema umechoka, ao mvua imeuteremusha mpaka mutoni. Chumvi haimo katika malalamiko yake. Mvua yetu ni nyingi, inaiosha. Ili kuona udongo wenye chumvi unamugharimu mutu nini, inafaa kuteremuka Kasindi na kuvuka mupaka mpaka Katwe, karibu na Ziwa Edouard, mahali wazee wetu walikuwa wanaendaka kwa miguu.

Ziwa dogo la Katwe limo ndani ya shimo la volkano. Chemchemi za chumvi zinaliingia, lakini maji hayana mulango wa kutokea. Jua linayakausha, chumvi inabaki. Kando yake usipande mahindi: chumvi ikizidi, muzizi unashindwa kuvuta maji hata kama udongo umelowa. (Ndugu zetu wanaoteremukia tambarare ya Semuliki, kwenye jua kali, wakumbuke: anayechimba mufereji wa kumwagilia bila mufereji wa kutolea maji, naye anaacha chumvi shambani.) Mvua ya Katwe yenyewe ni kidogo, na tangu 1952 mbuga ya wanyama inawazunguka. Basi watu wa Katwe tangu zamani wanakula kwa kununua. Kila sahani iko na bei yake.

Bei hiyo ndiyo iliwapa Wanande biashara. Waliteremuka na vyakula vya mulimani, wakapanda na chumvi mugongoni, nayo ikabadilishwa tena kijiji kwa kijiji. Lakini ukiniuliza nani alipata faida kubwa, nitasema wenye silaha. Stanley alipopita mwaka 1889, Katwe ilikuwa mikononi mwa askari wa Kabarega, mufalme wa Bunyoro. Mwaka 1891 Lugard akajenga hapo ngome, Fort George. Hakuna aliyegombea shamba pale.

Kisha mupaka wa wakoloni ukaiacha Katwe kwa Waingereza. Parc Albert, iliyoanzishwa 1925 na kupanuliwa baadaye, ikafunga sehemu kubwa ya tambarare upande wetu. Njia ya chumvi ikawa jambo la duane.

Jambo moja linanishangaza kila mara. Mvua ambayo mukulima wa Lubero anaiomba kwa Mungu, ndiyo inaharibu mavuno ya Katwe. Inazimua maji ya visima vyao vya chumvi, na kazi inasimama mpaka kiangazi. Wakati huo chakula kinaendelea kununuliwa.

Serikali ya Uganda ilijaribu kiwanda pale, karibu na miaka ya 1980. Hakikudumu: maji ya chumvi yalikula mabomba ya chuma. Watu wakaendelea kuingia majini kwa miguu yao, ngozi ikipasuka, wapate makuta ya kununua unga uliolimwa kwingine.