Sauti za Kiingereza katika Michezo ya Kijapani: Funzo la Mfululizo wa Yakuza

Swali moja hurudi kila mara katika mijadala ya ujanibishaji wa michezo ya video: je, mchezo wa Kijapani wenye hadhira ndogo nje ya Japani utiwe sauti za Kiingereza, au uachiwe sauti za Kijapani na kuwekewa maandishi ya Kiingereza chini ya skrini? Wapo wanaosema kwamba mchezo usio na sauti za Kiingereza ni kazi nusu, na kwamba kampuni inayouuza inawadharau wateja wake. Wapo pia wanaosema kwamba kuondoa sauti ya asili ni kuiharibu kazi. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa kufuata historia ya mfululizo mmoja, Yakuza, uliopitia njia zote mbili. Hoja yetu ni kwamba kwa kazi yenye hadhira ndogo, tafsiri nzuri ya maandishi ndiyo inayotangulia; sauti hufuata pale hadhira inapokuwa imekwisha kujengeka.

Kwanza tutazame usuli. Suala la sauti lilipata uzito wakati michezo ilipoanza kuhifadhiwa kwenye CD, ambazo zilikuwa na nafasi kubwa ya kutunza maneno yaliyorekodiwa. Mchezo wa Ys Book I & II, uliotolewa Japani mwaka 1989, ulifika Marekani mwaka 1990 ukiwa na waigizaji wanaozungumza Kiingereza. Mwaka 1996 Resident Evil ulitolewa na sauti za Kiingereza hata ndani ya Japani, na uigizaji wake ukawa kichekesho kwa wachezaji wa Marekani kwa miaka mingi. Final Fantasy X wa mwaka 2001 ulionyesha ugumu mwingine. Mienendo ya midomo ya wahusika ilikuwa imetengenezwa kwa Kijapani, hivyo watafsiri walilazimika kupima urefu wa kila sentensi ya Kiingereza. Karibu na mwisho wa hadithi, Yuna anamwambia Tidus neno la Kijapani la kushukuru. Katika Kiingereza anamwambia kwamba anampenda. Mwalimu yeyote wa tafsiri anaweza kutumia mfano huo darasani. Je, ni upotoshaji, au ni kisawe cha hisia? Kwa vyovyote, mchezo huo ulikuwa wa kampuni kubwa yenye soko la uhakika.

Yakuza haukuwa na soko kama hilo. Kampuni ya Sega iliutoa Japani Desemba 2005. Jina lake la asili, Ryu ga Gotoku, lina maana ya "kama joka". Hadithi yake inahusu Kazuma Kiryu, mwanachama wa magenge ya yakuza, katika mtaa wa kubuni wa Kamurocho ulioigwa kutoka Kabukicho, Tokyo. Mwaka 2006 ulipopelekwa Marekani na Ulaya, Sega ilitia sauti za Kiingereza na kuajiri waigizaji mashuhuri, akiwemo Mark Hamill aliyeigiza sauti ya Goro Majima. Sauti za Kijapani ziliondolewa kabisa. Gharama ilikuwa kubwa, lakini mapokezi ya sauti hizo yalikuwa baridi. Wengi walilalamika kwamba wahusika walitukana ovyo na hawakusikika kama watu wa mahali wanapoishi.

Kiini cha tatizo kilikuwa cha kiisimujamii. Katika magenge ya yakuza watu huitana kwa majina ya ukoo. Mkubwa wa genge huitwa oyaji, yaani baba au mzee. Anayekutangulia huitwa aniki, yaani kaka. Mliyekula naye kiapo ni kyodai, ndugu. Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa naye humwita "mzee" au "kaka" mtu asiye wa damu yake, na humtambua mwenye kiburi kwa jinsi anavyoyaacha maneno hayo. Kiingereza cha kawaida hakina mfumo wa namna hiyo. Aidha, Majima huzungumza lahaja ya Kansai, ya upande wa Osaka, na Mjapani huisikia mara anapofungua kinywa. Sauti ya Kijapani ikishaondolewa, tabaka hilo lote la maana hutoweka.

Yakuza 2 ulipotoka Marekani mwaka 2008, Sega ilibadili njia: sauti zilibaki za Kijapani, maandishi yakawa ya Kiingereza. Uamuzi huu ulipunguza gharama, kwani mtu hujikuna ajipatapo. Hata hivyo ulikuwa na faida ya kilugha pia. Sehemu kubwa ya mchezo huo inatokea Osaka, na mpinzani mkuu, Ryuji Goda, ni mtu wa huko. Mchezaji asiyejua Kijapani aliweza angalau kusikia kwamba Ryuji na Kiryu hawasemi kwa namna moja.

Tusidhani kwamba kuacha sauti za asili kulitosha kuilinda kazi. Yakuza 3, uliofika nje mwaka 2010, ulipunguzwa: mahjong, shogi na maswali ya chemshabongo yaliondolewa, ingawa waigizaji walikuwa walewale wa Japani. Mahjong na shogi zilirudishwa katika toleo jipya la mwaka 2019, pamoja na tafsiri iliyopitiwa upya. Yakuza 5 nao ulitolewa Japani mwaka 2012, ukafika Marekani na Ulaya mwaka 2015. Kama maandishi peke yake yalichukua miaka mitatu, ni rahisi kukisia kwamba sharti la kutia sauti lingeweza kuuzuia usifike kabisa.

Wanaotetea sauti za Kiingereza nao wana hoja za kusikilizwa. Mchezo si filamu. Mikono na macho ya mchezaji vina kazi. Anayepigana hawezi kusoma kila mstari unaopita chini ya skrini. Mwenye uoni hafifu na asiyesoma upesi huachwa nyuma. Zaidi ya hayo, mhusika mmoja anaweza kusikika mkali au mpole kutokana na kiimbo ambacho mgeni wa Kijapani hakifasiri sawasawa. Hoja hizi ni za kweli, na haziondolewi kwa kusema tu kwamba sauti ya asili ni bora.

Historia ya Yakuza ilizijibu kwa wakati wake. Yakuza 0, uliouzwa nje mwaka 2017 ukiwa na sauti za Kijapani pekee, ulivutia wachezaji wengi wapya. Mwaka huohuo hadithi ya mchezo wa kwanza ilirudi katika Yakuza Kiwami, safari hii kwa sauti za Kijapani na tafsiri mpya. Baada ya soko kupanuka ndipo sauti za Kiingereza zilipoweza kurejea bila kuhatarisha kazi. Judgment, mchezo wa mwaka 2019 unaotokea katika mtaa uleule wa Kamurocho, ulikuja na lugha zote mbili, na zaidi ya hapo ukawekewa seti mbili za maandishi: moja inayofuata sauti za Kiingereza, na nyingine inayotafsiri sauti za Kijapani. Yakuza: Like a Dragon ulifuata njia ya lugha mbili mwaka 2020, na Infinite Wealth ulitolewa Januari 2024 duniani kote kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo sauti za mwaka 2006 na zile za mwaka 2020 hazikutofautiana kwa vipaji vya waigizaji tu. Za kwanza zilichukua nafasi ya sauti za asili na zilikusudiwa kuwavuta watu ambao bado hawakuwepo. Za pili ziliwekwa kando ya sauti za asili, kwa ajili ya watu waliokwisha kuijua kazi kupitia maandishi.

Suala hili halituhusu kwa mbali. Mwaka 2011 televisheni ya TBC ya Tanzania ilionyesha tamthilia ya Kichina kuhusu Doudou na mama wakwe zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na ikapendwa sana. Tamthilia ya familia kwenye televisheni ya taifa ina hadhira kubwa tangu siku ya kwanza, na kuitia sauti kulistahili. Kazi nyingine nyingi zitakazotafsiriwa kwa Kiswahili hazitakuwa na bahati hiyo. Wanafunzi wetu wajifunze kwanza kuandika mistari mifupi, sahihi, yenye kubainisha nani ni mzee na nani ni kaka. Kazi ikipata watu wake, waigizaji watakuwa na matini nzuri ya kusema.